Mwambie Kasereka Amubebe Masika

Goma, siku ya Mungu, baada ya misa

Kwako Mama Masika, mwenzangu,

Pokea salamu nyingi, wewe na wote waliokaa hapo kwenye mikeka, kwa sababu ninajua barua hii haikufika kwako kwanza. Mama Furaha ameitoa katika mizigo yake ya biashara, amemupa muzee, baba yangu, naye amefuta miwani kwa upindo wa koti, amekohoa mara mbili, na sasa anasoma kwa ile sauti yake ya kusomea masomo ya misa. Jambo sana, muzee. Kwetu barua haina siri, hilo ninalijua tangu nikiwa mudogo. Ningeweza kumuomba Mama Furaha akupe wewe hii kwa kificho kule kisimani, na kweli niliwaza hivyo siku mbili nzima. Lakini nilichoharibu nilikiharibu mbele ya watu wote, basi nitakitengeneza mbele ya watu wote.

Mugongo wako unaendelea namna gani? Na muguu wa mama, umeacha kuvimba ao bado anaficha maumivu na kwenda shambani? Maharagwe mumevuna ninyi, ao askari wamewatangulia tena? Hapa kila dereva anayefika anatoa habari yake. Mumoja anasema kule kwetu kumetulia, mwingine anasema watu wamelala porini juma nzima. Mimi ninaamini wote wawili, halafu sipati usingizi.

Mimi niko muzima. Ninakula, ninafanya kazi, malaria ilinishika mara moja ikaniacha. Bado ninakaa katika kile chumba cha Birere, kuta za mbao, jirani wa upande huu anauza mafuta ya taa na jirani wa upande ule anashona mashuka. Watu ni wengi mpaka unakosa pahali pa kuweka muguu, na bado hakuna hata mumoja anayeniuliza nimekula nini. Siku kama ya leo, nikitoka misa, ninakwenda kusimama pale malori yanapopakia. Sinunui kitu. Ninataka tu kusikia kama kuna mutu atakayesalimia « wavukire » kwa Kinande. Siku nyingine hakuna. Ninarudi, ninapika fufu na ndagala, ninakula nikitazama mbao. Sufuria yenyewe ni ya watu sita, niliinunua nikiwa na mawazo ya nyumbani. Mama Masika, nimechoka kula peke yangu, ninasema wazi.

Sasa tuje kwa habari ya shati. Ee Mungu wangu! Niliposoma hapo katika barua yako nilicheka mpaka jirani wa mafuta akagonga ukuta. Niliwatumia shati langu la kazi, lile la mistari ya bluu, nimelivaa siku nne bila kulitia maji, kwa kusudi, ili Masika, mutoto wetu, apate harufu ya baba yake. Mukunga wa hapa ndiye aliyenifundisha kwamba mutoto anamujua mutu kwa pua kabla ya kumujua kwa macho. Na wewe unaniandikia kwa furaha: « Shati limefika chafu sana, masikini, mama amelifua mara mbili, amelianika kwenye majani, amelipiga pasi ya makaa, na sasa liko katika sanduku, linakungojea. » Mama, mama! Siwezi kukukasirikia. Kosa ni langu. Nilisahau kuandika sababu, na juu ya hayo nililifungia vipande viwili vya sabuni ndani. Mutu akipokea shati chafu na sabuni pamoja, atafanya nini kingine? Mungekuwa watu wavivu ningekuwa na bahati. Nilicheka, kisha kicheko kikageuka, nikakaa juu ya kitanda nikalia, mwanaume muzima. Siku zile nne katika jua nilikuwa nikijisemea, jasho hili ni la Masika.

Lakini shati si kitu. Kilichonikata ni ukurasa wa nyuma, pale ulipoandika kwa herufi ndogondogo. Nilisoma mara tatu, nikitumaini nimesoma vibaya.

Unasema siku muzee aliposoma barua yangu ya mbele ya Pasaka, Kasereka mudogo wangu alikuwa amekaa hapo na Masika kifuani, mutoto amelala. Muzee akafika kwenye maneno yangu: « Masika asizoezwe mikono ya mutu mwingine. Baba yake ni mimi. Mumungojeze mpaka nirudi. » Unasema Kasereka alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akakuwekea mutoto mapajani, akatoka. Kesho yake alihamisha kitanda chake mpaka kibanda cha shamba. Hakusema vibaya. Mulipomuuliza alijibu tu: « Mukubwa amesema. » Tangu siku hiyo hamugusi mutoto, na akimuona njiani anapita upande mwingine. Na Masika, miezi kumi na mumoja tu, anatambaa kila asubuhi mpaka mulango wa chumba cha Kasereka, anakaa pale, anapiga mbao kwa mukono. Anakataa uji. Amekonda mpaka nguo yake ya ubatizo inamuzunguka. Mwisho unaniuliza: « Papa Masika, tufanye nini? Hapa hakuna mutu anayeweza kuvunja neno lako. »

Nikueleze lililonipata, si kwa kujitetea. Nilipoondoka ulikuwa na mimba ya miezi sita. Nilikuja kujenga depo ya mufanyabiashara mumoja, kazi ya miezi miwili, na nilikuapia kwamba hautajifungua bila mimi. Kisha barabara ikakatwa pale Kanyabayonga, upande huu jeshi lake, upande ule jeshi lake. Kuzunguka kwa Uganda na kuingilia Kasindi kunawezekana kwa mama wa biashara kama Mama Furaha. Mwanaume wa umri wangu anateremushwa kwenye bariyeri ya kwanza ya askari na kuulizwa anawapelekea nani habari. Kuzaliwa kwa Masika nilikusikia kwa foni, ile redio ya parokia, watu kumi wamesimama nyuma yangu wakingoja zamu. Ulisema: « Ni musichana, tuko wazima, ova. » Nikasema: « Nimesikia, ova. » Mbele ya watu kumi mutu atasema nini tena? Nilitoka pale nikatembea mpaka ziwani nikarudi, na hakuna aliyenipongeza, kwa sababu hakuna aliyenijua.

Halafu, mbele ya Pasaka, Mama Furaha akanikuta kazini, anacheka kwa furaha ya kweli. « Papa Masika, binti yako anakua! Analala kifuani kwa Kasereka tu, ukimutoa pale analia kama umemuchoma. » Masikini, alidhani ananipa zawadi. Nilimushukuru, nikaenda nyumbani, nikaandika ile barua kabla hata sijanawa chokaa mikononi. Na kwetu papa mudogo ni papa, hilo hakuna wa kunifundisha. Mimi mwenyewe nililelewa na wadogo za muzee, nilikula kwao, nililala kwao, na hakuna siku niliuliza ni nani kati yao aliyenizaa. Nililijua vizuri, na bado niliandika. Nilikuwa na wivu, nilikuwa na upweke, na nilimutupia mutu ambaye hakunikosea.

Sasa sikilizeni kitu kilichonigeuza kichwa.

Nilikwisha kuwaandikia kwamba depo ilisimama kwa sababu ya vita, na kwamba sasa ninafanya kazi ya uashi katika materinite moja hapa. Wakimbizi wa Masisi wamejaa. Wamama wanazaa kabla ya wakati, kwa kukimbia na mizigo kichwani, na watoto wengine wanatosha katika viganja viwili. Mashine ya kuwapasha joto hakuna, kwa hiyo wanatumia kifua cha mutu. Mutoto anawekwa uchi, ngozi kwa ngozi, anafungwa kwa kitenge, na anakaa hivyo muchana kutwa. Mama akiugua, ni baba. Lakini wanaume wetu! Wanasimama nje, mikono mifukoni, wanatazama volkano kama ndiyo iliyozaa. Mukunga mukubwa, Mama Espérance, mwanamuke mufupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akaniambia: « Kambale, unijengee benchi ya mawe pale jua la asubuhi linapopiga, na mugongo wake ulale kidogo. Mwanaume haingii mahali asipoona pa kukaa. » Nikajenga. Nimejenga nyumba nyingi, lakini kazi hiyo niliifanya kwa moyo mubaya, kila jiwe nilikuwa nikiwaza kwamba wanaume wengine watakaa hapo na watoto wao, na mimi nitakuwa ninasafisha mwiko wangu.

Kulikuwa na Muhunde mumoja wa Masisi, jina lake Bahati. Muke wake alizaa mutoto wa kiume, mimba ya miezi saba tu, kisha homa ikamuangusha. Bahati mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amerudi nyuma kumutafuta mama yake, aliyepotea katika mbio. Shangazi hakuna, dada hakuna. Mama Espérance akatoka nje, akatazama huku na huku, akaniona.

« Kambale, nawa mikono mpaka viwiko. Vua shati. »

« Mama, mimi niko mwashi. Simujui hata baba yake. »

« Mutoto hajakuuliza unamujua nani. Vua! »

Basi nikakaa juu ya benchi yangu mwenyewe na mutoto wa mutu mwingine kifuani. Hakuwa na uzito wa mwiko. Alikuwa baridi, mpaka nikadhani wamenipa maiti kwa makosa. Halafu nikasikia moyo wake, unakwenda mbio, mbio, na polepole ukaanza kutulia. Niliogopa kukohoa. Niliogopa hata kumeza mate. Waashi wenzangu walipita na kucheka, wakaniita mama Kambale. Mama Masika, mutoto wangu sijamushika hata siku moja, na huyu nilimushika kutoka asubuhi mpaka jua likishuka, siku nne. Nilimuita Masika, kwa sauti ya chini, hata kama alikuwa mwanaume. Munisamehe kwa hilo pia.

Siku ya tano Bahati akarudi. Mama yake hakumupata. Akaingia uani na mavumbi mpaka kwenye nyusi, akaniona, akaona kichwa cha mutoto kikitokeza katika kitenge. Mimi nikajikaza. Nilingoja matusi, kwa sababu ningekuwa mimi ningetukana. Yule mutu akapiga magoti pale pale kwenye mawe.

« Aksanti, mukubwa. Mimi nilijua nitakuta kaburi. »

Nikataka kumupa mutoto, akarudi nyuma, akakunja mikono yake. « Hapana, hapana. Amekuzoea weye. Mikono yangu ni ya jembe, nitamuvunja. » Na hapo nitawaambia ukweli, hata kama ninaona haya: moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilitaka kusema, sawa ndugu yangu, basi nibaki naye. Mama Espérance alikuwa amesimama mulangoni, alinitazama tu. Nikasimama. Nikamukalisha Bahati, nikamufungua vifungo mimi mwenyewe, nikamulaza mutoto, nikafunga kitenge. Mutoto akalia. Bahati akataka kunirudishia, na mimi nikaweka mikono nyuma ya mugongo, nikaishika mumoja kwa mwingine ili isimupokee.

« Ongea naye, » nikamuambia.

« Niseme nini? »

« Chochote. Mutajie mbuzi zako. »

Akaanza kuwataja mbuzi wake waliochukuliwa na askari, mumoja mumoja, rangi zao na tabia zao, kwa Kihunde. Mutoto akalia kwa mbuzi wa kwanza, akalia kwa wa pili. Alipofika kama wa saba hivi, akanyamaza. Bahati alikuwa anatoa machozi na bado anaendelea kutaja. Mimi nikaenda nyuma ya ukuta, nikajifanya ninachanganya simenti.

Barua yako ilinifikia siku mbili baada ya hapo. Sasa unaelewa iliniingia namna gani. Kama Bahati angekuwa ameacha neno kama lile langu, kwamba mutoto wake asiguswe na mutu mwingine, angekuta kaburi kweli, na neno lake lingekuwa limeheshimiwa. Mimi nilipewa mutoto wa mugeni, nikashukuriwa kwa magoti. Ndugu yangu wa tumbo moja alimubeba mutoto wangu tangu kuzaliwa, na mimi nikamutukana mbele ya baba na mama. Nilikaa juu ya kile kitanda nikaona haya, na hapakuwa na mutu wa kumuonyesha haya hiyo.

Kabla ya neno langu la mwisho, nisalimieni watu. Muzee, baba yangu, nakusalimia kwa mikono miwili. Mama, muguu huo upumzike, na usifue tena shati la mutu mpaka aombe. Shangazi Kahindo, mwenye kuniombea rozari kila jioni, mumuambie zinafika. Mama mukwe wangu kule Kyondo, mumupelekee salamu na hii chumvi iliyofungwa peke yake. Katekista, jirani yetu, musalimieni, na akiwa amekuja kusikiliza barua kama kawaida yake, basi jambo katekista. Mama Furaha mumupe maziwa, amepita bariyeri nyingi na karatasi hii katika nguo zake. Na wewe, Mama Masika, pole kwa kulia peke yako kwa ajili ya kosa langu. Nakukumbuka asubuhi ninapowasha makaa, na sitaandika zaidi kwa sababu katekista anasikiliza.

Kasereka sijamusalimia. Kama yuko kule kibandani, mutu aende kumuita, muzee angojee.

Kasereka, mudogo wangu. Nimekosa. Nilikutukana mbele ya wazazi, na mbele ya wazazi hawahawa ninasema unisamehe. Neno lile nimelifuta. Muzee aichukue ile barua ya mbele ya Pasaka aitie motoni leo. Wewe ulikuwa unafanya kazi ambayo vita vimenizuia mimi kuifanya, na uliifanya vizuri, kwa sababu mutoto hawezi kukaa mulangoni kwa mutu asiyemupenda.

Rudisha kitanda chako nyumbani. Asubuhi, kabla ya shamba, vua shati umulaze kifuani, hata kama sasa ni mukubwa na anapiga mateke. Watu wakicheka, uwaambie kaka yako mwashi ndiye aliyekutuma, na kwamba huku Goma wanaume wanagombania nafasi kwenye benchi kwa kazi hiyo. Uji umupe wewe, kidogokidogo, kwa kidole kama kijiko anakikataa. Akikuita papa, itika. Usisite, usigeuke kutazama kama mimi nimesikia.

Mimi sijui nitafika lini. Inaweza kuwa mwezi, inaweza kuwa miaka, Mungu ndiye anajua hawa wenye bunduki watachoka siku gani. Nikifika atanikimbia. Nimekwisha kukubali. Nitakaa kando yako kwenye kiti, siku tano, siku kumi, sitamunyooshea mikono. Na siku utakayoona ni sawa, wewe ndiye utakayemulaza kifuani kwangu, na akilia usimupokee haraka. Ninajua namna inavyouma kutomupokea. Hilo tu ninakuomba, Kasereka.

Sasa muzee, weka barua chini. Mama Masika, inuka umupe Kasereka mutoto. Jina langu limeandikwa hapa chini, musilisome mpaka awe amemushika.

Ni mimi,
Kambale, kaka yake Kasereka